Old Louisville: kuta zilizookolewa na ukata

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine hamjambo. Nimeombwa niseme machache kabla hatujatoka kutembea. Mimi si profesa, ni mwashi tu. Riziki yangu inatoka kwenye kuta za mtaa huu wa Old Louisville, hapa Kentucky, Marekani, basi mtanivumilia nikisema zaidi ya matofali kuliko ya marais.

Rais mmoja hata hivyo hakwepeki. Agosti 1, 1883, Chester Arthur alikuja hapa Louisville kufungua maonyesho makubwa ya biashara, Southern Exposition, pale kusini tu mwa bustani ya Central Park ya leo. Yalipangwa yadumu siku 100, yakarudi kila mwaka hadi 1887. Kilichovuta watu ni taa za umeme za Edison, balbu 4,600, wakati ambapo wageni wengi hawajaona hata moja. (Wa Unguja mliopo hapa: mwaka huohuo Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib. Dunia nzima ilikuwa inajishaua.)

Jengo la maonyesho lilikuwa la mbao, likabomolewa. Kiwanja kikabaki kitupu, na miaka ya 1890 William Slaughter akakikata viwanja vya matajiri. Akauita mtaa wao St. James Court, jirani yake ni Belgravia. Majina yote mawili ya London! Watu wametajirika kwa tumbaku na pombe ya Kentucky, lakini anwani wanaitaka ya Kiingereza.

Tutakapofika kwenye kona, angalieni nyumba ya Theophile Conrad, mfanyabiashara wa ngozi mzaliwa wa Ufaransa. Ilikamilika 1895, msanifu wa ramani yake Arthur Loomis. Mawe mazito, matao ya duara, mnara, na nyuso zimechongwa ukutani zikikukodolea macho. Nyumba zingine za mtaani hazifanani nayo hata kidogo: zipo za madirisha marefu membamba, zipo za varanda na paa zenye pembe kila upande. Zote tunaziita za Victoria, yule malkia wa Uingereza, kwa sababu ya enzi yake tu. Na msiangalie mbele peke yake. Piteni vichochoro vya nyuma, muone mabanda ya farasi na magari yao, huko walikokuwa wakihangaika watumishi.

Sasa, mbona zimebaki? Matajiri walihama. Tramu kwanza, kisha magari, viliwapeleka mashariki ya mji, na mafuriko ya mto Ohio ya 1937 yakawatia hofu waliosalia. Majumba yakagawanywa vyumba vya kupangisha, familia moja moja kila chumba, jiko kwenye baraza. Wengi husimulia kipindi hicho kwa masikitiko. Mimi nasema ndicho kilichotuokolea mtaa: nani avunje jumba ajenge jipya kama hana hela? Miaka ya 1970 zilipokuja sheria za kuulinda, vya kulinda bado vilikuwepo.

Lakini sheria haishiki tofali. Tofali la zamani ni laini, na lilijengewa chokaa. Mvua ikiingia ukutani, maji hutoka nje kupitia maungio kati ya matofali, kwa sababu chokaa inapumua. Niliwahi kufanya kazi chini ya mkandarasi mmoja aliyeona chokaa ni ya kizamani. Tukakwangua maungio yote, tukajaza saruji. Ukuta ulipendeza kweli! Ila saruji ni ngumu kuliko tofali, maji yakakosa njia. Baridi ilipoingia yakaganda ndani ya tofali lenyewe, yakavimba. Baada ya misimu michache ya baridi nyuso za matofali zilianza kubanduka kama maganda ya kitunguu, unga mwekundu umejaa chini, na saruji imebaki imesimama peke yake kama mifupa ya samaki.

Mzee wangu mmoja wa Lamu nilipompigia simu kumweleza alicheka sana. Kuta zao za matumbawe saruji huziharibu vilevile, ingawa kwao hakuna barafu. Ni chumvi na unyevu.

Kwa hiyo mkifika Belgravia, mtu atoe ufunguo wake akwaruze ungio kidogo, polepole, mwenye nyumba asituone. Ukitoka unga mweupe, ni chokaa. Ufunguo ukiteleza, nioneshe ukuta huo, huenda ni mimi niliyeuharibu.

Haya, mvae makoti. Taa za gesi za huko bado zinawaka, twende kabla giza halijakolea sana.