Mgeni Njoo, Lakini Uandike Kabla ya Siku ya Tatu

Asanteni, kaeni. Mlionisikia mwaka jana mtaniwia radhi, maana wimbo ni uleule na nitauimba mpaka sauti inikauke: ukitaka kuingia kwenye mradi wa programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, usianze kwa kuwinda makosa ya tahajia. Anza pale ulipokwama.

Mimi nilikwama kwenye maktaba moja ndogo ya kuchora grafu, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari kutumiwa ndani ya programu nyingine. Maelezo ya kuisakinisha yalikuwa na hatua nne, na ya tatu ilisema: nakili faili la mfano la mipangilio. Naandika amri, terminali, lile dirisha la kuandikia amri, inajibu hakuna faili la jina hilo. Narudia. Nabadili herufi kubwa kuwa ndogo. Nafuta kila kitu, naanza upya. Jioni nzima ikapita hivyo, najiona mjinga kweli kweli. Jioni ya pili ndipo nilipofungua folda yenyewe nikatazama. Faili lipo! Lilishabadilishwa jina tu. Aliyelibadilisha alirekebisha msimbo wote, akasahau mstari mmoja wa maelezo.

Sasa kwa nini watunzaji wa mradi, watu walionizidi ujuzi mara kumi, hawakuliona kosa hilo? Kwa sababu wao hawasakinishi. Walisakinisha zamani, wakamaliza. Nani husoma kibao cha kumwelekeza nyumbani kwake? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili zisomeni pamoja. Ukishashika jembe umekuwa mwenyeji, na yale macho ya ugeni ndiyo basi tena. Wiki moja baadaye nilikuwa naandika lile jina jipya bila hata kufikiri. Ningengoja mwezi, ningeapa kwamba maelezo hayana kasoro. Kwa hiyo ukikwama, andika papo hapo: uliingiza amri gani, ukajibiwa nini, unatumia toleo lipi. Usingoje kuelewa kwanza. Ukielewa umechelewa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, “Hiyo si kazi, kazi ni msimbo.” Haya. Mwaka 2017 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya namna hii, waliwauliza watu wa programu huria. Asilimia 93 walisema wamekutana na tatizo la maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati. Na asilimia 60 ya wachangiaji wakakiri kwamba kuyagusa maelezo ni nadra kwao, au hawajayagusa kabisa. Wote wanalia njaa, jikoni haingii mtu.

Na kuna mwenzake anayesema, “Basi nitaongeza neno lolote, jina langu lionekane.” Tafadhali, usifanye hivyo. Oktoba 2020, kwenye Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhimiza watu wachangie programu huria, fulana iliahidiwa kwa waliotuma mabadiliko manne, na watunzaji wakafurikiwa: mtu anaongeza sifa kwenye README, lile faili la kuutambulisha mradi, “mradi mzuri sana,” anatuma, anahamia mradi mwingine. Mwezi haujafika hata siku ya nne, waandaaji wakabadili kanuni, zikahesabiwa tu kazi za miradi iliyokubali kushiriki. Kila takataka ile ilipaswa kufunguliwa, kusomwa na kufungwa na mtu anayejitolea, pengine usiku baada ya ajira yake. Jambo hili huniudhi, mnisamehe.

Turudi kwenye faili langu. Nikasahihisha ule mstari, nikatuma, nikakaa kusubiri pongezi. Jibu likaja: asante, lakini umehariri faili silo. Ukurasa nilioushika ulikuwa unazalishwa na programu kutoka kwenye faili jingine la chanzo, kwa hiyo sahihisho langu lingefutika mara tu kurasa zitakapozalishwa upya. Tena juu kabisa ya faili palikuwa na onyo: usihariri hapa. Sikulisoma. Na CONTRIBUTING, lile faili linaloeleza mradi unapokeaje michango, sikulifungua kabisa. Yaani nimekwenda kuwalaumu watu kwa maelezo mabaya, na mazuri waliyoyaandika sijayasoma!

Naona mratibu anaonyesha saa, basi nikimbie. Tazama kwanza kama kuna mwingine ameshaliripoti tatizo hilo. Chukua nakala yako ya mradi, fungua tawi jipya, yaani mkondo wa pembeni wa kazi yako usiogusa ile kuu, badilisha mstari huo mmoja tu. Ukianza kupanga upya nafasi za aya nzima kwa sababu hazikupendezi, msomaji hataona ulichorekebisha. Ujumbe wako useme kwa nini: “faili lilibadilishwa jina, hatua ya 3 inashindwa.” Miradi mingine hudai mstari wa Signed-off-by, wa kuthibitisha kwamba una haki ya kuichangia kazi hiyo; amri ya git commit -s, ya git, programu ya kutunza mabadiliko, itakuandikia. Ukiambiwa ubadilishe neno, badilisha kwenye tawi lilelile, usifungue ombi jipya la kuingiza mabadiliko. Wakikaa kimya wiki mbili, ulizia kwa upole mara moja. Kuhusu kutafsiri maelezo nilikuwa na nusu saa ya maneno; hiyo imeshaliwa na faili langu, kama kila mwaka.

Sentensi yangu ile, kama mnataka kujua, haipo tena. Faili lilihamishiwa folda nyingine, maelezo yakabaki nyuma, mgeni mwingine akakwama hatua ya tatu, akaifuta yangu akaandika yake. Ameandika vizuri kuliko mimi. Haya, maswali.