Jino Likiacha Kuuma Lenyewe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo nimekuja na neno moja: jino lililokukosesha usingizi wiki nzima, kisha likanyamaza bila kutibiwa, halijapona. Mara nyingi limekufa.

Ndani ya jino mna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na neva, inayofika hadi ncha za mizizi. Tundu likichimba mpaka huko, bakteria huingia na kiini huvimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana jino hudunda, na ukilala maumivu huzidi. Mwishowe damu haifiki tena, neva zinakufa, na mtu anaamka akimshukuru Mungu. Kumbe bakteria bado wamo, na sumu yao inapenya kwenye ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa wa taya. Baadaye huenda kikaota kipele kwenye fizi: kinatoa usaha, kinakauka, kinarudi.

Hapo wengi hukimbilia antibayotiki. Ndugu zangu, dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hamna damu. Uvimbe utapungua, chanzo kitabaki palepale. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje kupambazuke, nenda hospitali.

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi. Kwa panya wa kawaida, viini vilioza. Kwa panya waliolelewa bila kijidudu chochote, jino lilijijengea ukuta mpya juu ya kidonda, ingawa chakula kilikuwa kikiingia humo. Mimi hurudi kwenye jaribio hilo kila mara, kwa sababu linaonyesha kuwa kazi yetu kubwa sisi madaktari wa meno katika tiba ya mzizi, yaani kutoa kiini kilichooza na kuziba jino badala ya kulingʼoa, ni usafi.

Tiba yenyewe huenda hivi: kwanza unapigwa ganzi. Ikiwa bado unasikia maumivu, sema, utaongezewa. Magego ya chini ambayo kiini chake kimevimba sana huwa sugu kwa ganzi. Jino huzungushiwa mpira mwembamba ili mate yasiingie, kisha hutobolewa. Tunasafisha mifereji ya mizizi kwa tupa nyembamba za chuma, nyingine ncha yake ni milimita 0.1 tu, huku tukiosha kwa dawa ya kuua vijidudu. Hapa ndipo muda unapokwenda. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi lina mifereji minne, na huo wa nne ni mwembamba, umejificha. Ukiachwa, ugonjwa unaweza kurudi. Kwa hiyo daktari akikuambia urudi tena, usikasirike.

Mifereji ikishakuwa safi na mikavu, hujazwa gutapecha, utomvu wa mti uliogandishwa, na jino huzibwa. Gego kwa kawaida huhitaji kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulivika juu, maana limebaki na kuta dhaifu na linaweza kupasuka ukitafuna. Mfupa ulioliwa hujijenga taratibu; tunaufuatilia kwa eksirei, pengine mwaka mzima.

Jino ambalo mzizi wake umepasuka kwa urefu, hilo silitibu. Nalingʼoa, na mgonjwa namweleza kwa nini.