Posho ya Wachonga Makaburi

Ndugu zangu, najua wengi mmekuja mkitarajia piramidi na dhahabu ya Tutankhamun. Leo nimewaletea vitu vilivyotupwa jalalani.

Ng'ambo ya magharibi ya Nile, mkabala na mji wa Luxor nchini Misri, kuna magofu ya kijiji kiitwacho Deir el-Medina. Nyumba zipatazo 70 zimebanana ndani ya ukuta, na maji yalipandishwa kwa punda kutoka bondeni. Humo waliishi mafundi waliochonga makaburi ya Bonde la Wafalme na kuyatia rangi. Mfaransa Bernard Bruyère alichimba hapo kuanzia 1922 hadi 1951. Katika shimo moja kubwa la taka yalipatikana maelfu ya vigae na vibanzi vya mawe ya chokaa vyenye maandishi. Karatasi za mafunjo zilikuwa na gharama, kigae kiliokotwa tu.

Kibanzi kimoja cha kijiji hicho kiko British Museum, London. Ni orodha ya mahudhurio ya mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramesses wa Pili. Ina majina 40. Siku alizokosa mtu zimeandikwa kwa wino mweusi, na sababu kwa wino mwekundu. Huyu anaumwa macho. Huyu kaumwa na nge. Yule anatengeneza pombe. Mwingine anamfunga mama yake sanda. Nimesoma sifa nyingi za mafarao kwenye kuta za mahekalu, lakini hakuna iliyonigusa kama neno hilo moja la mama.

Watu hawa hawakulima. Walilipwa posho: ngano na shayiri kutoka maghala ya dola. Posho ikichelewa, hakuna chakula.

Takriban miaka 80 baadaye, mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, ikachelewa. Mafunjo yaliyoko Turin, Italia, yanatueleza kuwa mafundi walizivuka kuta za eneo la makaburi wakisema wana njaa, siku 18 za mwezi zimekwisha. Wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Wakubwa walipowasihi warudi, walijibu hivi, na nawaomba msikilize vizuri: “Njaa na kiu ndizo zilizotuleta hapa. Hakuna nguo, hakuna mafuta, hakuna samaki, hakuna mboga. Mpelekeeni habari Farao, bwana wetu mwema.”

Huu ndio mgomo wa kwanza tulio na kumbukumbu yake ya maandishi. Wakapewa posho ya mwezi uliopita. Miezi ikasonga, ikachelewa tena. Waziri mkuu, jina lake To, akatuma ujumbe kwamba hata maghala yenyewe ni matupu, ila atawapa alichokipata. Ikatoka nusu posho.

Siku 11 baadaye wakazivuka kuta tena. Meya wa Thebes, yaani Luxor ya kale, alikuwa akipita, wakampigia kelele. Akawapa magunia 50 ya ngano, yawavushe mpaka Farao awape posho yao.