Ukiihama Wiski Yako, Hamia kwa Jirani Yake

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachama wa klabu ya wapenzi wa wiski, Nairobi)

Habari za jioni, mabibi na mabwana. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kukubali kwamba glasi zitakuja baada ya maneno. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Kila mhudumu wa baa mjini hapa anamjua mteja wake wa Ijumaa. Hasomi orodha ya vinywaji. Anaketi, anainua kidole, na mzinga unaletwa: Jameson kwa huyu, Black Label kwa yule, Jack Daniel's na soda kwenye meza ya pembeni. Miaka nenda miaka rudi, chupa ni ileile. Mimi sina ugomvi naye. Hizo ni wiski nzuri, na zimeenea duniani kote kwa sababu zimetengenezwa zisimkwaze mtu. Lakini mwulize anachokipendea hicho kinywaji. Atakwambia, "Ni laini." Laini kwa nini? Hapo anakuangalia kama mtu wa kodi.

Siku akiamua kujaribu kitu kipya, anaruka mbali mno. Ndugu karudi safari na chupa ya Laphroaig, wiski ya Uskoti yenye moshi mkali. Mtu aliyekunywa Jameson maisha yake yote anapiga fundo moja, anakunja uso, anasema inanuka dawa ya hospitali, na habari ya wiski ngeni inaishia hapo. Ulimi wake hauna kasoro yoyote. Katika fundo moja amebadilisha nchi, nafaka, namna ya kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke), moshi na pipa. Kilichomkera ni kipi kati ya hivyo? Hawezi kujua. Ndiyo maana nawaambia: badilisheni kitu kimoja, vingine viacheni vilivyo.

Tumchukue huyo wa Jameson. Kinywaji chake kinatengenezwa Midleton, katika kaunti ya Cork, Ayalandi, tangu kazi ilipohamishiwa huko kutoka Dublin mwaka 1975. Ni mchanganyiko wa wiski mbili. Moja ni nyepesi, ya nafaka, inayotoka kwenye mtambo mrefu wa mnara. Nyingine ni nzito, inayokenekwa mara tatu katika vyungu vya shaba kutokana na kimea cha shayiri pamoja na shayiri mbichi isiyooteshwa. Shayiri hiyo mbichi ndiyo alama ya Waayalandi, na kodi ya kimea ya mwaka 1785 iliwazidishia sababu ya kuitumia, kwani isiyooteshwa haikutozwa. Sasa mpeni mtu huyu Redbreast ya miaka 12. Inatoka Midleton hapohapo, ila ile wiski nyepesi imeondolewa, na sehemu yake imelala katika mapipa yaliyowahi kuwa na sheri, divai kali ya Hispania. Atasikia uzito wa mafuta ulimini, viungo, na matunda makavu. Ataitambua Jameson yake humo ndani, na safari hii ataweza kusema kwa nini anaipenda.

Huo mtambo wa mnara una kisa chake, niruhusuni nikichomeke. Aliyeupatia hataza mwaka 1830, Aeneas Coffey, alikuwa ofisa wa ushuru huko Ayalandi. Wakubwa wa Dublin waliudharau, wakasema kinachotoka humo si wiski. Waskoti wakauchukua, wakachanganya wiski yake nyepesi na ile ya vyungu, na kwa mchanganyiko huo wakaja kuliteka soko la dunia. Leo hata Jameson inautegemea.

Black Label, mchanganyiko wa Uskoti, ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu mnywaji wake atakuapia kwamba hapendi moshi, na huku anaunywa kila wiki. Watengenezaji wenyewe hutaja Caol Ila, ya kisiwa cha Islay, kuwa mojawapo ya nguzo nne za mchanganyiko huo, pamoja na Cardhu, Clynelish na Glenkinchie. Caol Ila ina moshi wa piti. Piti ni udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu katika ardhi yenye majimaji kwa maelfu ya miaka. Hukatwa vipande, hukaushwa, kisha huchomwa wakati wa kukausha shayiri iliyoota. Moshi unaigandia nafaka na hautoki tena. Kuna wanaosema ladha hiyo haituhusu sisi. Waende Bonde la Ufa wakaonje mursik, maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, halafu tuzungumze. Kwa hiyo wa Black Label aende kwanza kwa Caol Ila ya miaka 12. Akiizoea, Lagavulin. Laphroaig na Ardbeg zitamngoja, haziendi popote. Zote mbili zina umri wa tangu 1815. Na asidhani Islay yote ni moshi: Bunnahabhain ya kawaida haina.

Wa Jack Daniel's nisimsahau, ingawa kazi yake ni rahisi. Nafaka yake kubwa ni mahindi. Abaki Marekani, abadilishe nafaka tu: atafute wiski ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, ambayo kisheria lazima iwe na rai asilimia 51 au zaidi. Utamu utapungua, pilipili itapanda.

Kuna wanaochagua kwa namba. Wanaona 12 wanasogea, wanaona 18 wanatoa pochi. Sikatai kwamba umri una thamani. Namba hiyo inataja umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani, na miaka ya Uskoti ni miaka ya baridi. Huko pipa hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukizwa. Bangalore, India, kwenye joto la kiwanda cha Amrut, hupotea asilimia 10 au zaidi, na mti wa mwaloni wa pipa hutoa ladha yake mbio. Kule 18 ingemaanisha pipa karibu tupu. Ndiyo sababu Amrut, na Kavalan ya Taiwan, kwa kawaida huuzwa bila namba, na zimewashangaza waonjaji wa Ulaya walioonja bila kuambiwa ni wiski gani.

Na hapa kwetu barani? Wellington, Afrika Kusini, kiwanda cha James Sedgwick kinatoa Bain's, wiski ya mahindi matupu inayolazwa katika mapipa yaliyowahi kuwa na bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani. Mwaka 2013 ilitangazwa wiski bora ya nafaka duniani katika tuzo za World Whiskies Awards. Bei yake haitishi. Nashangaa naikuta mezani mara chache hivyo.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni kama kutia maji ni dhambi. Tieni. Wachanganyaji wa Uskoti wanaponusa sampuli huzipunguza kwa maji hadi kileo kiwe asilimia 20 hivi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi, husogea juu ya kinywaji maji yanapoongezwa, yaani inakaribia pua. Matone machache yanatosha. Barafu nyingi ndiyo adui, maana baridi huifunga harufu.

Jambo la fedha pia. Msinunue mzinga wa kitu msichokijua. Baa nzuri huuza toti. Mkiwa wanne, kila mmoja aagize yake, mnusishane na kuonjeshana, na kila mtu aseme anachokisikia kabla hajasoma maandishi ya chupa.

Basi. Leo glasi zinakuja mbilimbili: Jameson na Redbreast, kisha Black Label na Caol Ila, mwisho Bain's peke yake. Maji yako kwenye jagi, nyama choma inakaribia. Aliyekuja akiendesha gari anuse tu. Tumemtengea vichupa vyake vidogo pale kaunta, akanywe nyumbani.