Aliona kweli, ila aliona nini? Mhadhara kuhusu mianga ya angani na mashahidi wake

Haya jamani, tuanze, wengine mtatukuta njiani. Mada ya leo ni watu wanaoona mwanga angani wakashindwa kuuelewa, na kazi ya yule anayekaa nao kuwasikiliza. Niseme mapema, mi huwa siwachukulii hawa watu kama waongo. Waongo wapo, hasa siku hizi za kutafuta laiki, lakini ni wachache kuliko mnavodhani. Wengi wameona kitu kweli kabisa. Shida inakuja pale anapokuhadithia, maana anakupa vitu viwili vimechanganyika, alichokiona na alichokiamua, na yeye mwenyewe hajui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 3 Machi 1968. Usiku huo mabaki ya kurushwa kwa chombo cha Kisovieti, Zond 4, yalirudi kwenye angahewa yakawa yanaungua juu ya majimbo kadhaa ya Marekani, vipande vinavyowaka vinapita kwa mstari, kimya. Walioona wengi walieleza hivohivo, vipande vinavyowaka. Ila wapo waliosema wameona chombo kirefu chenye umbo la sigara, kina madirisha yanayowaka taa, tena kimepita chinichini. Mwanaastronomia William Hartmann aliichambua kesi hiyo kwenye ripoti ya Chuo Kikuu cha Colorado, na maelezo yake ni haya: ukiona nukta kadhaa za mwanga zinakwenda pamoja gizani akili inaziunganisha, lile giza la katikati linageuka bodi ya chombo na nukta zinakuwa madirisha. Sasa ongezeni na hii, ukishaona dirisha umeshapata saizi, maana dirisha wote tunalijua ukubwa wake, na ukishapata saizi umepata na umbali, kwa hiyo kitu kilichokuwa makumi ya kilomita juu kinakuwa kinapita hapo juu ya miti. Huyo ni mtu mzima, mkweli, hajanywa kitu.

Ndo maana ukiniambia ulichokiona kilikuwa kikubwa kama basi na kilikuwa mita 300 hivi, ntaandika, ila sitaitegemea. Nukta ya mwanga usiku haina umbali. Droni iliyo mita 200 na setilaiti iliyo kilomita 400 jichoni zinaweza kuwa kitu kilekile, na bila umbali hamna saizi, hamna spidi. Kinachopimika ni pembe. Hebu kila mtu anyooshe mkono mbele, wote, hata nyie wa nyuma. Kidole cha mwisho, kile kidogo, hapo kilipo upana wake ni kama digrii 1. Ngumi ni kama digrii 10. Mwezi je? Watu huwa wanasema ngumi nzima, wengine sahani. Mwezi ni nusu digrii tu, hicho kidole kinaufunika na nafasi inabaki. Basi mwezi wenyewe tunaouona maisha yetu yote tunaukosea hivi, itakuwa kitu ulichokiona sekunde 15 moyo unakudunda?

Kwa hiyo mi nikikaa na shahidi, kwanza namwacha aongee mpaka mwisho, simkatizi, hata akisema "chombo" mi siliokoti hilo neno, nikimrudia nasema "huo mwanga". Kisha namwomba turudi pale aliposimama. Ulisimama wapi, nionyeshe kwa mkono ulianzia wapi, uliishia wapi, ulipita juu ya lile paa au nyuma yake? Mkono unakumbuka vizuri kuliko mdomo, sijui kwa nini lakini ndo ilivyo. Napima kwa dira na ngumi, nachukua saa kamili, na saa nzuri siyo anayokumbuka yeye, ni ile iliyobaki kwenye simu, labda alimpigia mtu "toka nje uone", hiyo kolu ina dakika yake.

Na mashahidi wakiwa wawili au watatu siwaulizi pamoja hata siku moja. Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif alichapisha utafiti wake wa kuweka watu kwenye chumba cha giza na nukta moja ya mwanga iliyotulia tuli. Wote waliiona inatembea! Gizani jicho halina cha kulinganishia, nukta iliyotulia inaonekana inasogea. Utamu wa jambo ni kwamba kila mtu akiwa peke yake alikuwa na kipimo chake cha jinsi ilivyosogea, wakiwekwa kundi vipimo vinaanza kukaribiana mpaka wanakuwa na jibu la pamoja. Sasa wewe unaniletea familia ya watu sita wameshaongea wiki nzima unaniambia "wote wanasema sawa". Aisee, hapo una shahidi mmoja mwenye midomo sita.

Ukishakuwa na saa, upande na urefu kutoka upeo wa macho kwa digrii, kazi iliyobaki ni ya kukaa na kompyuta, wala haina raha sana. Programu ya nyota inakwambia sayari ya Zuhura ilikuwa wapi, na Zuhura imesumbua watu vibaya, inang'aa kuliko nyota zote, ikiwa chini inametameta rangi, na ukiwa kwenye gari inaonekana inakufuata. Setilaiti hazipepesi kama ndege, zinapita dakika chache, na zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinafifia katikati ya anga, hapo utaambiwa "ilizima taa". Tangu Mei 2019 kuna na misururu ya Starlink, setilaiti za intaneti, mkupuo wa kwanza zilikuwa 60, taa zimejipanga mstari, ile kidogo iue simu yangu kwa meseji. Ndege inayokujia moja kwa moja imewasha taa za kutua inaonekana imesimama dakika kadhaa, ikikata kona "imetoweka". Na video za simu jamani, ukizumu mpaka mwisho fokasi inapotea, nukta inageuka duara linalopumua. Hilo duara liko ndani ya simu yako.

Phoenix, Arizona, tarehe 13 Machi 1997, usiku ule kulikuwa na mambo mawili na watu wanayachanganya mpaka leo. Saa mbili na kitu taa zimejipanga kama V zilivuka jimbo, kijana mmoja akazielekezea darubini, akaona ndege. Saa nne hivi ndo ikaja ile mistari ya taa kwenye video maarufu, zinaning'inia halafu zinazimika moja moja. Walichofanya wachambuzi ni kitu rahisi mpaka unajiuliza mbona sikukiwaza mimi: walichukua picha ya mchana ya upande uleule, ikiwa na milima ya Sierra Estrella, wakailaza juu ya video ya usiku ambayo milima haionekani, ni weusi mtupu. Kila taa ilikuwa inazimika pale inapofika ukingo wa mlima. Zilikuwa zinashuka nyuma yake! Fataki za kijeshi za kumulika, zinaelea kwa parachuti, zilidondoshwa na ndege za A-10 zilizokuwa mazoezini. Basi nikipata video ya usiku kitu cha kwanza naomba aende mchana akapige tena kutoka palepale.

Na zinazobaki? Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani ulifungwa 1969 ukiwa na ripoti 12,618, na 701 zikabaki bila jibu. Watu wanaishika hiyo 701 kama ushahidi. Mi naona Wafaransa wamefanya vizuri zaidi, kitengo chao cha GEIPAN kilicho chini ya shirika lao la anga kina fungu C la kesi zisizo na taarifa za kutosha, na fungu D la zile zenye taarifa nzuri ambazo bado hazijaelezeka. Kesi inayotikisa watu mtandaoni ukiifungua mara nyingi ni C, hamna saa, hamna upande. D ni chache na ndo tamu. Bonde la Hessdalen kule Norwei, kwa mfano, mianga iliripotiwa sana kuanzia 1981, watafiti wakaanza na mashahidi, 1984 wakapeleka vifaa, na tangu 1998 kuna kituo kinachojiendesha chenye kamera zake. Nyingine zimeelezeka, nyingine wanasayansi bado wanabishana.

Mzee hapo mbele anauliza, na rubani je, si anaijua anga? Anaijua, lakini gizani rubani swali lake la kwanza ni "nitagongana nacho?" na ni haki yake, kwa hiyo kimondo kilicho mbali sana atakiona kinamjia na atakwepa. Hynek, mwanaastronomia aliyeishauri Blue Book, alishangaa kukuta marubani hawako juu kama alivyotegemea. Mi namuuliza rubani mambo yaleyale, digrii na saa. Dada wa pale dirishani, wewe ulitangulia kunyoosha, karibu.