Nyumba ya Mawe Si Mshahara
Mhadhara wa mkunga mstaafu, uwanja wa Mkunguni, Lamu

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, waheshimiwa mliofika. SHA, bima ya afya ya serikali, mnaijua, sina haja ya kuieleza. NHIF, bima ya zamani, ilituaga, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tumo humu. Nina swali ambalo nimeliuliza barazani, nikaliuliza hata msibani, na leo naliuliza tena: nani aliyewaambia wakubwa kwamba ukuta wa mawe ni pesa?

Jirani yangu hapa Mkomani ni mjane, anauza mikate ya mofa. Alikwenda kujiandikisha, nikamsindikiza. Kijana wa kuandikisha akashika simu, akaanza maswali ya nyumba, maana asiye na mshahara hukisiwa kipato kwa hayo. Ukuta wa nini, mama? Mawe. Choo kiko nje au ndani? Ndani. Nikamwambia, mwanangu, ngoja kwanza. Choo hicho kilijengwa na babu wa babu yake. Nyumba za mji huu zilikuwa na choo ndani kabla ya bibi yako kuzaliwa. Akanijibu, Bi, simu haina pahali pa kuandika hayo. Majibu yakatoka: mchango wake ni zaidi ya shilingi 1,000 kwa mwezi, na zitolewe za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. NHIF alikuwa akitoa 500.

Haya, twende nyumbani kwake. Boriti za ukumbini zimeoza, moja ameitegemeza kwa mti wa mkoko. Mvua ikinyesha anatandaza sufuria tatu sakafuni. Mtaniambia auze. Auze nini? Mirathi haijagawanywa na warithi ni kumi na mmoja. Mtaniambia basi aezeke mabati. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuamka asubuhi ukapigilia bati. Nyumba hiyo inamtoa pesa, haijamwingizia hata senti. Mwanawe ni mvuvi, na kusi ikichafuka chombo kinalala pwani wiki nzima. Mwenye ajira anakatwa asilimia 2.75 mwezi kwa mwezi, kidogo kidogo. Huyu ambaye bahari ndiyo mwajiri wake anadaiwa ya mwaka mbele, kwa makisio!

Najua kuna atakayesema zahanati ni bure. Ni kweli, ukijiandikisha. Lakini mtoto akikwama tumboni, zahanati haina chumba cha upasuaji.

Sasa la kutoa mimba, maana kwenye mikutano ya siasa ndilo linalopigiwa kelele. Katiba kifungu cha 26 haikuruhusu ovyo. Imekataza, kisha ikaacha mlango kwa dharura, na pale uhai au afya ya mama iko hatarini, na mwenye kuamua ni mhudumu wa afya aliyesomea. Kifungu cha 43 kinasema hakuna kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya msichana wa Kilifi aliyekamatwa baada ya kutibiwa, na rufaa ikakatwa. Mashekhe wabishane na mawakili, siwazuii. Mimi nasema nilichokiona.

Usiku mmoja nilimpokea mke wa mtu kutoka kisiwa cha Pate. Mimba ya tatu, imeharibika yenyewe. Jamaa zake walimficha siku mbili wakiogopa watu watasema ameitoa, na wakiogopa bili. Walipomtia chomboni, maji yalikuwa yamekupwa, wakangoja pale mlango wa bahari wa Mkanda mpaka yajae. Kanga mbili zilikuwa zimelowa damu, mkono baridi kama samaki. Nilipomshika, neno lake la kwanza lilikuwa, "Bi, ni pesa ngapi?" Alipona, alhamdulillahi. Wengine niliwafunga mimi vidole vya miguu.

Nilikuwa na la mashua ya wagonjwa, na la wauguzi wa kandarasi wasiolipwa. Hayo yasubiri, adhana ya magharibi imekaribia. Mheshimiwa, karatasi hii ina nyumba 14 za mtaa wetu, kila moja na kiasi ilichopangiwa na kazi ya mwenyewe. Ichukue kabla hujashuka gatini. Na boti yako haiondoki mpaka kesho, kwa hivyo asubuhi nitakupitia, tukaanze na ile yenye mti wa mkoko.