Nyumba za Mji Mkongwe Hazijawahi Kukaa Vile Vile

Assalaam alaykum jamani, hao walosimama nyuma sogeeni, viti vipo.

Wageni wakija Mji Mkongwe huambiwa nyumba hizi ziko vile vile tokea enzi za masultani, na mie hucheka tu. Itazameni Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu, Sultani Sayyid Barghash kaijenga 1883, mnara ulikuwa mbele, mbali na jumba, ikaja mizinga ya Waingereza Agosti 1896, vita hata saa haikufika, mnara ukaharibika, ndo baadae wakaupachika mnara wa saa kwenye jumba lenyewe. Yaani ile sura tuloizoea kwenye picha ni ya matengenezo.

Za watu wa kawaida ndo usiseme. Nyumba ya Kiarabu nje kuta tupu, maisha yote ndani uani, na juu paa bapa la chokaa ambalo na masika ya kwetu hawakupatana hata siku moja, likavuja, watu wakapandisha mabati. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka chini, wenyewe juu na roshani zao za mbao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yakachukuliwa na serikali, wakaingia familia kadhaa nyumba moja, ukumbi ukakatwa kwa mbao ukawa vyumba viwili, kwengine jiko likahamia koridoni. Siwalaumu, watu walitaka pa kulala, na mbao unaibandua wakati wowote, ukuta uko pale pale.

Mimi ugomvi wangu ni simenti. Ukuta wa mawe na chokaa unanyonya unyevu wa ardhini kisha unautoa, sasa wewe ukiupiga plasta ya simenti ule unyevu utoke wapi? Unapanda, chumvi inatokeza, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza huku unausifu ukuta mweupe ulonyooka. Halafu juu unaweka tangi la lita 1000, hiyo ni tani nzima bwana, inakalia boriti hizo hizo za miti ya mikoko.

Na vyumba vyetu vyembamba si ushamba wa wazee, boriti ndo urefu wake, mita tatu hivi basi. Anakuja mtu wa hoteli anataka sebule pana, anavunja ukuta wa kati, kumbe ndo ulobeba boriti za pande zote mbili!

Ukirithi nyumba usianze na rangi. Gonga plasta kwa vidole, ikilia tupu ibandue, urudishe chokaa, na uwe na subira maana chokaa haina haraka, fundi akikwambia wiki moja kazi ishakwisha mtafute mwengine.

Naam? Bafu la wageni? Liweke chini ukiweza, na mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane, hata kama si mazuri, likivuja ulijue siku hiyo hiyo.